Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: mwanachuoni aliyekuwa mhariri

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumeona tumkumbuke mmoja wa wanavyuoni wakubwa waliotokea katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki, Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wetu tumemsikia kwa ukadhi wake, kwa vitabu vyake na kwa wanafunzi aliowalea. Upande mmoja wa maisha yake hautajwi sana katika darasa zetu, nao ni kwamba Sheikh huyu alikuwa mhariri wa gazeti. Upande huo ndio tutakaousimulia leo, kwa kuwa tunaamini una jambo kubwa la kuzifundisha nyumba zetu.

Jarida linapoingia nyumbani

Tuichukue nyumba moja ya Kiislamu huko Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, katika nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe kabla ya kugawanywa mwaka 2012. Ni nchi ya migomba na kahawa, karibu na mipaka ya Uganda na Rwanda. Jarida lililochapwa Dar es Salaam hufika huko likiwa limekwisha safari ndefu ya barabara, na mara nyingi hufika siku zake zikiwa zimepita. Likifika halisomwi na mtu mmoja. Baba hulisoma, kijana hulichukua, jirani huliazima, na mama asiyejua kusoma husomewa. Likiisha kusomwa, kurasa za ndani hufungia bidhaa dukani, na jalada lenye picha ya rangi hubandikwa ukutani. Hapo hukaa miaka, watoto wakiamka nalo na wakilala nalo.

Wenye kazi ya kuchapa majarida wanalijua jambo hili vizuri. Jina la jarida huwekwa juu kabisa, kwa sababu majarida yakipangwa kibandani yakipandana, sehemu ya juu ndiyo inayoonekana. Uso wa mtu huwekwa katikati, macho yakimtazama mnunuzi kama anayemwita. Vichwa vya habari hupangwa pembeni, vifupi, kwa rangi kali, na kila kimoja humpa msomaji ahadi. Kabla ya kuamua lolote, mhariri hujiuliza kwanza: ninamwandikia nani? Akimjua msomaji wake, hujua uso gani auweke, lugha gani aitumie na bei gani amtoze. Kwa hiyo jalada hutuambia mengi kuhusu wale waliolichapa na kuhusu namna wanavyotuona sisi tunaolinunua.

Karagwe yenyewe si ngeni kwa watu waliokuja na kalamu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliweka kituo chao Kafuro, katika nchi ya Mkama Rumanyika, na msafiri Speke aliwakuta wenyeji hao wa pwani wamekwisha kuzoeleka alipofika Karagwe mwaka 1861. Mmoja wa waliopita njia hiyo, Ahmed bin Ibrahim, alifika Buganda kwa Kabaka Suna mwaka 1844, na anatajwa kuwa ndiye aliyemfungulia Kabaka huyo habari za Uislamu. Watu hao walikwenda bara na bidhaa zao, na pamoja nazo walikwenda na herufi na dini. Miaka themanini na kitu baadaye, huko pwani walikotoka, alitokea mwanachuoni aliyeona kwamba elimu ya dini inaweza kusafiri kwa njia nyingine, yaani kwa karatasi iliyochapwa kila wiki.

Kuzaliwa na malezi yake

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui, ukoo uliowahi kuutawala mji huo mpaka mwaka 1837 ulipoangukia mikononi mwa Sayyid Said bin Sultan. Ufalme ulipowatoka, baadhi ya watu wa ukoo huo waliushika ulimwengu wa elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mwenye kusikizwa. Alifariki mwaka 1894, na mwanawe alikuwa bado mtoto mdogo.

Yatima huyu alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alisomeshwa Mombasa, kisha akawa akivuka bahari kwenda Unguja kusoma kwa mabingwa wawili wa zama zile, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Masheikh hao wawili wote walifariki mwaka 1925, na waliacha wanafunzi waliotapakaa pwani nzima. Al-Amin alikuwa katika walio mbele yao.

Pamoja na vitabu vya fiqhi, tafsiri na lugha alivyovisoma kwa masheikh wake, yalimfikia pia majarida kutoka Misri. Kubwa kati ya hayo lilikuwa Al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Sheikh Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Kabla yake, mwaka 1884, Abduh na Jamaluddin Al-Afghani walikuwa wametoa Al-Urwa Al-Wuthqa huko Paris, gazeti lililotoka matoleo 18 tu, lakini likasomwa katika nchi nyingi za Waislamu. Kijana huyu wa Mombasa alijifunza humo fikra za kutengeneza hali ya Waislamu. Alijifunza jambo la pili pia, kwamba gazeti dogo la mtu mwenye nia linaweza kufika pale ambapo mwenyewe hatafika kwa miguu yake.

Magazeti yaliyomtangulia

Ili tuijue thamani ya kazi yake, hatuna budi kuikumbuka hali ya magazeti ya Kiswahili wakati ule. Msimulizi lilianza Unguja mwaka 1888, nalo lilitolewa na wamisionari. Kiongozi lilitoka Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, katika shule ya serikali. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza, likapendwa na kuenea sana. Kila moja lilikuwa na msomaji wake: wanafunzi wa misheni, makarani, walimu na watumishi wa serikali.

Kwa upande wa Waislamu, Unguja ilipata gazeti la Kiarabu, Al-Najah, mwaka 1911, na mwaka 1929 likaja Al-Falaq la jumuiya ya Waarabu. Magazeti hayo yaliwahudumia wanaojua Kiarabu. Mvuvi wa Mombasa, mkulima wa Malindi, mwanamke wa nyumbani wa Lamu na fundi wa Tanga hawakuwa na gazeti la dini yao kwa lugha yao. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, katika tenzi na barua. Hata hivyo, mwanachuoni aliyetaka kuandika jambo la maana katika elimu aliliandika kwa Kiarabu, likasomwa na wanavyuoni wenzake.

Sahifa: karatasi moja

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa karatasi ndogo ya kila wiki aliyoiita Sahifa. Jina hilo maana yake ni ukurasa, na kweli haikuwa zaidi ya hapo. Haikuwa na jalada wala uso wa mtu wa kumwita mnunuzi. Ilikuwa na jina lake na maneno yake, kwa Kiswahili.

Tusilione jambo hilo kuwa dogo. Mtu wa cheo chake katika elimu alikuwa na njia iliyokwisha pasuliwa na waliomtangulia: kukaa msikitini, kusomesha wanaomfuata, na kuandika Kiarabu. Kusomesha hakukuacha, na darasa zake ziliendelea kutoa wanavyuoni. Lakini alipoamua kuandika kwa Kiswahili katika karatasi itakayouzwa mitaani na kuishia kufungia kashata, alikuwa amemchagua msomaji wake. Alimchagua yule ambaye hakuwahi kuandikiwa. Alijua kwamba huyo hatakuja darasani, ama kwa kazi zake, ama kwa haya ya kutojua, na kwa hiyo darasa ndiyo imfuate.

Umbo lote la Sahifa lilitokana na uchaguzi huo. Ilikuwa fupi, kwa sababu msomaji wake hakuwa na saa za kukaa na kitabu. Ilitoka kila wiki, kwa sababu alitaka neno lirudi kabla halijasahauliwa. Ilikuwa ya gharama ndogo, kwa sababu msomaji wake hakuwa na fedha za kutosha. Na lugha yake ilikuwa ile iliyosemwa barazani, kwa kuwa aliyemkusudia alikaa huko.

Al-Islah na maneno mazito

Mwaka 1932 Sheikh alipiga hatua ya pili. Alianzisha gazeti la kila wiki, Al-Islah, lililokuwa na sehemu ya Kiarabu na sehemu ya Kiswahili. Al-Islah maana yake ni kutengeneza kilichoharibika, na mtu aliyelishika gazeti hilo mkononi alikuwa amekwisha ambiwa, kabla hajalifungua, kwamba kuna kilichoharibika na kwamba yeye ni mmoja wa watakaoulizwa. Majarida mengi huanza kwa kumsifu mnunuzi wake. Hili lilianza kwa kumwamsha.

Ndani yake Sheikh aliandika juu ya mambo yaliyowauma watu wake. Aliwakemea waliomaliza mali katika harusi na matanga ili wasemwe vizuri na majirani, kisha wakabaki na madeni. Aliandika juu ya uvivu, juu ya mifarakano baina ya Waislamu, na juu ya mambo yaliyoingizwa katika dini yasiyokuwa na asili yake. Aliwahimiza wazazi wawapeleke watoto wao kusoma, na hakuwaacha wasichana nje ya wito huo. Alitaka elimu ya kisasa isimtoe mtoto katika dini yake, na dini isifanywe kisingizio cha kuikimbia elimu.

Juu ya Wazungu, waliokuwa watawala wa nchi, maneno yake yalikuwa ya mtu anayepima. Aliwaonya vijana walioiga mavazi na starehe za wageni wakaacha kuiga bidii yao, mpango wao wa kazi na umoja wao. Aliona kwamba watu wake walikuwa wakichukua ganda na kuacha kiini. Katika zama hizo za ukoloni, maneno hayo yaliwagusa wakubwa na wadogo, na hayakumpendeza kila mtu. Waliokuwa wakijipatia heshima au riziki katika mila alizozikosoa walimwona kuwa mvunja mambo ya wazee. Wengine walimpenda kwa hayo hayo. Yeye aliendelea kuandika kwa jina lake mwenyewe, katika mji wake mwenyewe, miongoni mwa watu aliokutana nao kila siku katika safu za sala.

Ukadhi na kunyamaza kwa gazeti

Al-Islah halikudumu. Sheikh aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na majukumu hayo yakamwondoa katika meza ya mhariri. Gazeti lilikuwa limetoka kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Mwaka 1937 alipanda kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaishika kazi hiyo mpaka mwisho wa uhai wake.

Hapa, ndugu wasomaji, pana jambo la kutafakari. Ukadhi ni amana kubwa. Kadhi hukaa baina ya mume na mke, baina ya warithi, baina ya mwenye haki na aliyeishika. Ni lazima pawepo mtu mwadilifu wa kukaa hapo, na Waislamu wa Kenya walimpata. Lakini kadhi wa wakati ule alikuwa pia chini ya serikali, na ulimi wa mwenye kiti cha hukumu hauwezi kuwa sawa na ulimi wa mwenye gazeti. Mombasa ilipata kadhi ikakosa mhariri. Gazeti lote lilikuwa limesimama juu ya mabega ya mtu mmoja, na mtu huyo alipoitwa kwingine, hapakuwa na wa kulishika.

Sisi hatusemi kwamba alikosea kuukubali wito huo. Tunasema kwamba jamii iliyomwacha abebe peke yake ilikuwa na sehemu yake katika kunyamaza kwa Al-Islah. Gazeti linahitaji wanunuzi wanaolipa, wasambazaji waaminifu na vijana wanaofundishwa kuandika mapema, kabla mzee hajaondoka. Waislamu wengi husifu jarida lao siku linapoanza na kulilia siku linapokufa, na katikati ya siku hizo mbili hawalinunui.

Kalamu haikukauka

Hata hivyo Sheikh hakuiweka kalamu chini. Aliandika vitabu vya kufundishia dini kwa Kiswahili, vikiwemo vya watoto, na akaanza tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili ambayo hakuwahi kuikamilisha. Kwa Kiarabu aliandika historia ya ukoo wake na utawala wake Mombasa, kitabu ambacho kilikuja kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995.

Na yale maandiko ya magazeti hayakupotea. Makala zilizochaguliwa zilikusanywa na kutolewa kuwa kitabu mwaka 1944, kwa jina la Uwongozi. Hivyo maneno yaliyoandikwa kwa karatasi ya wiki moja yakapata jalada la kitabu, na watu wakayasoma miongo mingi baada ya yule mvuvi na yule fundi waliokusudiwa kwanza kuondoka duniani. Mwaka 2017 kitabu hicho kilitolewa Ulaya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wataalamu wakakitaja kuwa ni mkusanyiko kutoka katika gazeti la kwanza la Kiislamu la Kiswahili.

Sheikh Al-Amin alifariki Aprili 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Mmoja wa watoto wake, Ali, alikuwa na miaka 14 tu. Mtoto huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyesomesha Makerere na kisha Marekani, akajulikana duniani kote kwa maandishi na kwa mfululizo wake wa televisheni juu ya Afrika wa mwaka 1986, mpaka alipofariki mwaka 2014 na kurudishwa Mombasa kuzikwa.

Katika wanafunzi wake alikuwepo Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili, iliyotoka kamili mwaka 1969, imo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, bara na pwani. Alikuwepo pia Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, jamaa yake wa karibu. Wote wawili walikuja kuwa Makadhi Wakuu wa Kenya, mmoja baada ya mwingine. Na Sheikh Muhammad Kassim, baada ya kuuacha ukadhi, alianzisha katika miaka ya 1970 gazeti la Kiislamu la Kiswahili aliloliita Sauti ya Haki. Mwalimu alitoka katika gazeti akaenda katika ukadhi. Mwanafunzi alitoka katika ukadhi akarudi katika gazeti, akaiokota kazi iliyokuwa imeachwa njiani miaka arobaini nyuma.

Mafunzo kwa nyumba zetu

Turudi sasa Nyakatuntu, katika ule ukuta wenye jalada. Wazazi wengi huchunguza ni nani anayeingia nyumbani mwao, lakini hawachunguzi ni karatasi gani inayoingia, wala siku hizi ni picha gani inayoingia kwa simu. Jalada lina adabu ya mgeni: hubisha hodi, hutabasamu na huahidi. Mzazi na amsaidie mwanawe kuliuliza maswali ambayo Sheikh Al-Amin aliyajibu kabla hajaandika mstari wa kwanza. Jarida hili linamwandikia nani? Linataka nini kwake, fedha zake tu au kheri yake pia? Na lile lililoahidiwa nje, je, limo ndani? Mtoto akizoezwa maswali hayo akiwa na miaka kumi, hatadanganywa kwa urahisi akiwa na ishirini.

Jambo la pili ni kusoma pamoja. Nakala moja ikisomwa kwa sauti baada ya sala ya Isha, baba, mama na watoto wakasikia, kisha wakajadiliana, huwa imefanya kazi ya nakala kumi. Asiyejua kusoma naye amepata fungu lake. Neno la kwanza alilopewa Mtume wetu (S.A.W.) pale pangoni Hira lilikuwa amri ya kusoma, na haifai nyumba ya Mwislamu kuwa na redio na simu, isiwe na kitu cha kusomwa.

Jambo la tatu tunawaambia vijana wa madrasa, wa Karagwe, wa Kyerwa na wa kwingineko. Wapo wanaotamani kutoa jarida la Kiislamu na wanasubiri kwanza wapate mtambo, karatasi ya kung'aa na mfadhili. Sheikh Al-Amin, pamoja na elimu yake na jina la ukoo wake, alianza na karatasi moja. Karatasi moja yenye habari za kweli, iliyoandikwa kwa lugha wanayoielewa watu wa kijiji na kubandikwa mlangoni mwa madrasa kila Ijumaa, ni mwanzo unaotosha. La muhimu ni kumjua msomaji, kumwambia kweli hata ikiwa chungu, na kumfundisha mwenzio kazi hiyo ili siku utakapoitwa kwingine karatasi isikatike.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amsamehe Sheikh wetu makosa yake, aijaze kaburi yake nuru, na aifanye kila herufi aliyoiandika kuwa sadaka yenye kuendelea. Atujaalie sisi na watoto wetu tuwe miongoni mwa wanaosoma wakafaidika, na wanaoandika wakafaidisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.